Kupima taarifa ya vita kabla ya kuichapisha: mwongozo kamili

Taarifa ya jeshi huingia kwenye simu ya mhariri wa Nairobi kabla ya shahidi yeyote kupatikana. Muda si muda, kundi lililoshambulia nalo hutoa yake. Hapo vyumba vingi vya habari huandika kwamba jeshi limesema askari 9 wameuawa na Al-Shabaab wamesema zaidi ya 50, kisha huita hiyo usawa. Huo si usawa. Ni kumtwika msomaji kazi iliyokuwa yetu, na msomaji huyo huenda ana mwanawe katika kambi hiyohiyo.

Tarakimu hizo ni za Kulbiyow, kambi ya jeshi la Kenya kusini mwa Somalia, 27 Januari 2017. Mwaka mmoja kabla yake, El Adde, kambi nyingine ya Kenya nchini Somalia, iliposhambuliwa 15 Januari 2016, serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja watu 180 au karibu 200, Nairobi ikakanusha. Uchunguzi wa CNN ulifikia angalau 141. Pengo la namna hiyo haliondoki kwa kuchagua upande wa kuamini.

Njia inayofaa ni kuivunja taarifa vipande vipande, kupima kila kipande peke yake, na kuandika kila kimoja kwa uzito wa ushahidi wake. Msemaji mmoja anaweza kuwa mkweli kuhusu saa na asiwe mkweli kuhusu maiti. Tazama Manda Bay, Lamu, 5 Januari 2020. KDF, yaani jeshi la Kenya, ilisema jaribio la kuvunja ulinzi wa uwanja wa ndege mwendo wa saa kumi na moja na nusu alfajiri lilizimwa, na kwamba uwanja uko salama. Al-Shabaab walidai Wamarekani 17 wamepatikana na madhara, askari 9 wa Kenya wameuawa na ndege 7 zimeteketezwa. Siku hiyohiyo Marekani ilithibitisha vifo vya watu wake watatu, mwanajeshi mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi. Kwa hiyo kundi lilitia chumvi idadi ya watu, lakini ndege kweli ziliungua na picha zilionekana. Saa aliyotaja msemaji wa Kenya haikuwa na tatizo, ila neno "lilizimwa" lilificha mengi. Aliyemwamini mmoja wao kwa jumla alikosea mahali fulani.

Hatua ya 1: Hifadhi kwanza

Kabla ya kupiga simu yoyote, piga picha ya skrini ya taarifa, ikiwa na saa na anwani ya ukurasa. Kisha iweke kwenye Wayback Machine, hazina ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa. Video ishushe yenyewe, usibaki na kiungo tu. Ujumbe wa mitandao hufutwa, na mara nyingi kilichofutwa ndicho chenye habari.

Fungua jedwali la matoleo lenye safu nne: saa, nani amesema, amesema nini hasa kwa maneno yake, na kimebadilika nini tangu toleo la awali. Hospitali ya MSF, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, iliposhambuliwa kutoka angani mjini Kunduz, Afghanistan, 3 Oktoba 2015, maelezo ya Marekani yaligeuka ndani ya siku nne. Kwanza walisema huenda kituo cha afya kilicho karibu kimepata madhara. Baadaye wakasema majeshi ya Afghanistan ndiyo yaliyoomba msaada wa ndege. Mwishowe jenerali aliiambia kamati ya Baraza la Seneti kwamba hospitali ilipigwa kimakosa na uamuzi ulikuwa wa Marekani. Watu 42 walikufa. Ukiyaweka matoleo hayo upande kwa upande, mabadiliko yenyewe yanakuwa habari, na huhitaji chanzo cha siri kuiandika.

Hatua ya 2: Vunja taarifa vipande

Chukua taarifa ya mfano, tuliyoitunga kwa ajili ya zoezi: "Mapema leo vikosi vyetu vilizima shambulio dhidi ya kambi, vikaua magaidi 40 na kuteketeza magari matatu. Askari wawili walipata majeraha madogo."

Sentensi mbili hizo zina madai sita. La kwanza ni saa: "mapema leo" haipimiki mpaka upewe saa. La pili ni mahali: kambi ipi, na kilomita ngapi kutoka mji gani. La tatu ni matokeo: "vilizima" ni kusema adui hakuingia ndani ya ua, au kwamba aliingia akatolewa baada ya mapigano ya muda wa saa sita? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na ndipo ubishi wa Kulbiyow ulipolala, maana KDF ilikanusha kwamba kambi ilitekwa. La nne ni maiti 40. La tano ni magari matatu, ambayo ndiyo rahisi zaidi kupima kwa picha. La sita ni hasara ya upande wao wenyewe, na hapo sikiliza kisichotajwa: waliojeruhiwa wametajwa, waliokufa hawakutajwa, wala waliopotea. Kutotajwa si sawa na kusema hakuna.

Kila dai lipe mstari wake. Mbele yake andika nani angeweza kulijua moja kwa moja, ushahidi gani ungelithibitisha na ushahidi gani ungelivunja. Safu hiyo ya mwisho usiiruke. Dai lisiloweza kuvunjwa na ushahidi wowote halichapishwi kama ukweli, hata likitoka kwa jenerali.

Hatua ya 3: Uliza hesabu ilifanywaje

Tarakimu ya adui waliouawa hutoka katika mojawapo ya njia nne: maiti zilizohesabiwa ardhini, makadirio ya rubani au mwendesha droni, mazungumzo ya redio yaliyonaswa, au makadirio ya kamanda kwa kuangalia damu na ukubwa wa mapigano. Zikichanganywa, maiti moja huhesabiwa mara mbili au tatu. Si lazima awepo aliyekusudia kudanganya, maana kila ngazi huongeza chake na hakuna anayerudi kuhesabu.

Swali linalofungua mlango ni hili: bunduki ngapi zimepatikana? Wapiganaji huokota silaha za wenzao, kwa hiyo uwiano hauwi moja kwa moja, lakini pengo likiwa kubwa mno kuna jambo. Katika operesheni ya Speedy Express kwenye delta ya Mekong, Vietnam, kati ya Desemba 1968 na Mei 1969, jeshi la Marekani liliripoti adui karibu 11,000 waliouawa na silaha 748 tu zilizokamatwa. Baadaye mkaguzi wa jeshi hilohilo alikadiria kwamba raia kati ya 5,000 na 7,000 walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kwa hasara ya upande wao, dai mgawanyo: waliokufa, waliojeruhiwa, waliopotea, waliotekwa. Tarakimu moja isiyogawanywa hutafsiriwa ovyo. Mara nyingi jumla ya waliokufa na waliojeruhiwa iliyotoka kwa Kiingereza huishia kwenye kichwa cha habari cha Kiswahili kama "waliouawa". Kosa hilo ni letu, si la jeshi.

Makundi yenye silaha nayo yana mwendo wao. Hutoa idadi kubwa ndani ya saa chache ili iwahi vichwa vya habari, kisha huipandisha. Lakini wana kamera, na huchapisha video baadaye. Kwa hiyo dai lao kuhusu vitu, yaani magari, silaha au jengo, linaweza kupimwa, na mara nyingine lina ukweli mwingi kuliko dai lao kuhusu watu.

Hatua ya 4: Sawazisha saa

Hapa makosa ni mengi kuliko mahali pengine pote, na hayahitaji ujuzi kuyaepuka. Shahidi wa Mandera anasema saa kumi na moja, ripoti ya shirika inasema 5:30, data ya setilaiti inasema 02:30. Zote zinaweza kuwa karibu dakika hiyohiyo. Setilaiti hutumia saa ya kimataifa, UTC. Ongeza 3 upate saa ya Nairobi na Mogadishu, kisha igeuze kuwa saa ya Kiswahili: 02:30 UTC ni 05:30 hapa, yaani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Muulize shahidi kila mara kama ni alfajiri au jioni, na kama ilikuwa kabla au baada ya adhana ya alfajiri. Adhana ni kipimo kizuri kwa mtu ambaye hakuangalia saa.

Na siku pia. Kwa wengi wa Pwani na Kaskazini Mashariki, "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi usiku. Ukiandika Ijumaa usiku umesogeza tukio kwa siku nzima, na baadaye utashangaa kwa nini picha ya setilaiti inaonyesha moto kabla ya shambulio. Kwenye jedwali lako andika tarehe na saa ya UTC, na maneno ya shahidi pembeni.

Hatua ya 5: Picha na video

Januari 2012 msemaji wa KDF aliweka Twitter picha za mtu akipigwa mawe hadi kufa, akizihusisha na matukio ya siku hizo. Zilikuwa picha za 2009. Dakika tano za kutafuta zingetosha kulizuia hilo, kwa hiyo anza na utafutaji wa kinyume: pitisha picha kwenye Google Lens, Yandex na TinEye, zote tatu, maana kila moja ina hazina yake. Kama ni video, kata fremu nne au tano zenye vitu tofauti. Programu ya kivinjari ya InVID-WeVerify hufanya kazi hiyo. Picha isipopatikana, igeuze kulia kushoto utafute tena, kisha kata sehemu moja tu, kama mnara wa msikiti au kibao cha duka. Kumbuka kwamba kutoipata hakuthibitishi kuwa ni mpya.

Metadata, yaani taarifa kama saa na kifaa zilizofichwa ndani ya faili, usiitegemee. WhatsApp huiondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwombe mwenye picha aitume kama hati, au kwa barua pepe, ndipo faili halisi ifike na uweze kuikagua kwa ExifTool.

Kisha tafuta mahali. Linganisha kona za barabara, matangi ya maji, minara ya simu na mpangilio wa mapaa na picha za Google Earth Pro, ukitumia kitelezi cha miaka. Unahitaji angalau alama tatu zisizobadilika zinazokubaliana kwa umbali na pembe. Mimea peke yake haitoshi, maana miti ya mathenge imeota pande zote mbili za mpaka na picha ya Garissa hufanana sana na ya Gedo, Somalia.

Kivuli hukupa saa, kwa kutumia SunCalc, tovuti inayoonyesha jua liko upande gani kila saa. Lakini miongozo mingi ya uthibitishaji imeandikwa na watu wa Ulaya, ambako kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Huku karibu na ikweta hugeuka. Desemba na Januari jua liko kusini yetu, kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini. Juni na Julai ni kinyume chake. Na jua likiwa utosini, Machi na Septemba, kivuli ni kifupi mno kupimika, basi tumia video za asubuhi au jioni tu.

Hatua ya 6: Setilaiti za bure

Anza na FIRMS ya NASA, inayoonyesha sehemu zenye joto kali na huwekwa mtandaoni ndani ya saa tatu hivi. Kihisi cha VIIRS kina pikseli, yaani mraba mmoja wa picha, ya mita 375, na cha zamani cha MODIS kilomita 1. Nukta unayoiona kwenye ramani ni kitovu cha pikseli, si mahali moto ulipowaka, kwa hiyo usiandike "moto ulikuwa ndani ya kambi" wakati nukta iko mita 150 kutoka kwenye ua.

Kibaya zaidi ni kutoona kitu ukahitimisha kwamba hakuna kilichotokea. VIIRS hupita karibu saa saba na nusu usiku na saa saba na nusu mchana. Gari lililochomwa alfajiri likazimika kufikia saa nne asubuhi halitaonekana kamwe. Upande wa pili kuna moto usio wa vita: wakulima wa bonde la Juba huchoma mashamba, na tanuri za makaa huwaka siku kadhaa. Kabla ya kuiamini nukta, angalia eneo hilohilo siku 30 zilizotangulia na msimu uleule mwaka jana. Kama kuna nukta kila wiki, hiyo yako haina uzito.

Baada ya hapo fungua Copernicus Browser, tovuti ya Ulaya ya picha za setilaiti, utafute picha za setilaiti ya Sentinel-2 za kabla na baada. Pikseli ni mita 10, na setilaiti hupita kila siku tano hivi, asubuhi. Land Cruiser ina urefu wa mita tano tu, hutaiona. Jengo la mita 20 lililoungua litaonekana kama doa jeusi, hasa ukitumia mpangilio wa infraredi ya mawimbi mafupi, ambako ardhi iliyoungua hujitenga wazi na kivuli au udongo uliolowa. Wakati wa mvua za Gu, Aprili hadi Juni, na Deyr, Oktoba hadi Desemba, mawingu yatakuzuia. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, lakini huonyesha mabadiliko ya maumbo tu, na asiyeizoea asiiandikie hitimisho.

Hatua ya 7: Watu

Hesabu majina, usihesabu tarakimu. Mtu akikuambia "wamekufa ishirini", mwombe majina. Ukipata saba, una saba, na hizo 13 nyingine ni dai.

Nairobi ina faida ambayo miji mingi haina: jamaa wa watu wa Gedo na Juba wako Eastleigh, na simu hufika kijijini haraka kuliko ripoti. Uliza kwa utaratibu huu: ulikuwa wapi, uliona wewe mwenyewe au uliambiwa, aliyekuambia ni nani, naye alikuwa wapi? Watu watatu waliosikia ujumbe mmoja wa sauti wa WhatsApp ni chanzo kimoja. Kwa majina ya Kisomali andika jina la mtu, la baba na la babu, jina la utani, umri na mahali alipozikwa, la sivyo Mohamed Abdi mmoja atakufa mara tatu kwenye orodha yako, au watatu wakageuka mmoja.

Kwa askari wa Kenya, mazishi ndiyo kumbukumbu ya wazi: kaunti, cheo, tarehe ya kuzikwa. Hiyo ndiyo njia ya kuijenga hesabu kutoka chini pale serikali inaponyamaza. Ifanye kwa heshima. Usiwe wa kwanza kumwambia mama kwamba mwanawe amekufa, na usichapishe jina kabla familia haijaarifiwa. Usichapishe pia mahali walipo askari walio hai, wala picha za maiti. Baada ya El Adde watu walikamatwa nchini kwa kusambaza picha hizo, lakini hata bila sheria kuna familia iliyojifunza msiba wake kwenye simu ya jirani, na hilo halirekebishiki kwa kuomba radhi.

Mashirika ya tiba ni mashahidi wazuri wa majeruhi, si wa sababu. Jilib, kusini mwa Somalia, ilipopigwa kutoka angani 30 Oktoba 2011, MSF ilieleza kupokea makumi ya majeruhi, wengi wao watoto. Kenya ilisema walengwa ni Al-Shabaab na kwamba madhara yalitokana na gari la kundi hilo lililobeba silaha. Waliopokea majeruhi wana uwezo wa kukuambia wangapi, umri gani na majeraha ya aina gani. Nani aliyelipua ni mstari mwingine wa jedwali. Msalaba Mwekundu wa kimataifa, kwa kanuni zake, hautakusimulia hadharani mambo ambayo wafanyakazi wake wameyaona, usiuchukulie ukimya wake kama uthibitisho.

Hatua ya 8: Maswali kwa jeshi

Tuma kwa maandishi, maswali yasiyozidi matano, kila moja likigusa dai moja. "Mnasemaje kuhusu ripoti hizi?" hujibiwa kwa taarifa ileile. Andika hivi: Shambulio lilianza saa ngapi? Je, mshambuliaji yeyote aliingia ndani ya ua? Maiti 40 zilihesabiwa au zilikadiriwa? Silaha ngapi zimekamatwa? Je, kuna askari asiyejulikana alipo? Taja saa ya mwisho ya kujibu, na usipojibiwa uandike hivyo pamoja na saa uliyotuma.

Likishindikana hilo, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Usalama wa taifa ni sababu halali ya kunyimwa, kwa hiyo usiombe mipango wala maeneo. Omba kile ambacho hakina siri tena: idadi, tarehe, kama kulifanyika uchunguzi na ulikamilika lini. Ukinyimwa, peleka kwa Ofisi ya Ombudsman ndani ya siku 30.

Kwa mashambulizi ya anga ya Marekani nchini Somalia, AFRICOM, kamandi ya jeshi la Marekani barani Afrika, ina ukurasa wa kupokea madai ya raia waliodhurika. Hadi Machi 2019, Amnesty International ilipochapisha uchunguzi wake, kamandi hiyo ilishikilia kwamba hakuna raia aliyeuawa. Aprili 2019 ilikiri vifo vya raia wawili katika shambulio la 1 Aprili 2018, na mwaka 2020 ilianza kutoa ripoti ya madai kila robo mwaka. Dai lenye tarehe, mahali na majina huingia kwenye orodha hiyo, hata likikataliwa mwanzoni.

Hatua ya 9: Kuandika

Kila mstari wa jedwali upe daraja: limethibitishwa, linaelekea kuwa kweli, halijathibitishwa. "Limethibitishwa" liwe na vyanzo viwili visivyotegemeana, kimoja kikiwa kimeona au kikiwa ushahidi wa picha uliopimwa. Tumia kitenzi kimoja kwa pande zote. Ukiandika "jeshi limesema" na "wakazi wamedai", umeshatoa hukumu kabla ya ushahidi.

Usitafute wastani wa 9 na 50. Toa kima cha chini ulichokihakikisha kwa majina, kisha madai ya kila upande na jinsi yalivyohesabiwa. Kichwa cha habari kibebe kilichothibitishwa tu, maana ndicho kitakachosambaa peke yake bila aya zako. Ukirekebisha, weka saa ya marekebisho na useme nini kilikuwa kimeandikwa awali, palepale juu ya habari.

Hatua ya 10: Usifunge faili

Video za kundi hutoka baada ya wiki au miezi. Ile ya El Adde ilitoka Aprili 2016. Itazame kwa ajili ya jedwali, usiichapishe. Ripoti za uchunguzi huchelewa zaidi: ya Pentagon kuhusu Manda Bay ilitolewa Machi 2022, zaidi ya miaka miwili baadaye, ikieleza udhaifu wa ulinzi ambao taarifa za siku ya kwanza hazikuugusa. Weka tarehe kwenye kalenda ya chumba cha habari: siku 7, siku 30, miezi 6, na kila mwaka siku ya tukio. Kila tarehe ikifika, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina afungue jedwali, apitie mistari yenye daraja la "halijathibitishwa", na apige simu tena.